Steringi kafa episodi ya pili

Kuna sheria moja tumekua nayo tangu enzi zile za kwenda kuangalia muvi kwa jirani, mmekaa chini kwenye mkeka, ndala mmeacha mlangoni, na hakuna aliyewahi kutufundisha ila kila mtu anaijua: steringi hafi. Atapigwa, atafungwa kamba, atatupwa mtoni, adui atacheka kile kicheko chake cha kujiamini, wewe tulia tu, steringi anarudi. Na akifa basi kuna pati tuu, au huyo hakuwa steringi, mlikuwa mnamfuatilia mtu siye.

Sasa mwaka 2025 niko sebuleni na mdogo wangu wa kike, tunaangalia The Last of Us sizoni ya pili, episodi ya pili, mimi najua kinachokuja na yeye hajui. (Kama hujaiangalia na una mpango nayo ishia hapa hapa, namwaga kila kitu, usije ukanilaumu.) Ile dakika Joel, steringi mwenyewe, anaingia kwenye ile nyumba ya mlimani, theluji imemganda hadi kwenye ndevu, mi sikuwa naangalia tivi tena, nilikuwa namwangalia dogo. Joel akapigwa risasi ya mguu. Dogo akasema aah. Ikatolewa fimbo ya gofu. Akanigeukia, "kaka huyu si anaokolewa?" Nikamwambia angalia tu. "Si nakuuliza, anaokolewa?" Nikanyamaza. Ellie, yule binti anayemlea Joel, akaingia, nikaona kabisa dogo amepumua, akajua haya sasa, ndo huyu, ndo ameletwa kumuokoa, na Ellie akakandamizwa sakafuni akawa analia tu amwambie Joel ainuke.

Ilipoisha akakaa kimya muda mrefu, afu akauliza swali moja: "Sasa sirizi imebaki ya nani?"

Nilicheka, lakini jamani, hilo swali ndo watu wameligombania duniani kote tangu 2020, kwa matusi, kwa machozi, kwa video za masaa matatu za mtu mmoja amekaa mbele ya kamera anafoka. Dogo kalimaliza kwa maneno matano.

Ngoja nirudi nyuma kidogo kwa wasioijua. Sirizi imetokana na gemu, na gemu ya kwanza ilitoka Juni 2013 kwenye PS3, ikatengenezwa na Naughty Dog wa Marekani. Dunia imeliwa na fangasi, anaitwa cordyceps, na huyu fangasi yupo kweli, ila yeye anashughulika na sisimizi na wadudu wenzie, anamuingia sisimizi anamuendesha anavyotaka mpaka anamuua, afu anachipua kichwani kama uyoga. Kwenye gemu kahamia kwa watu. Joel ni mzee mmoja mvusha magendo ambaye binti yake aliuawa usiku ule ule balaa lilipoanza, na miaka 20 baadaye anapewa kazi ya kumvusha Ellie, mtoto wa miaka 14 ambaye aling'atwa na wagonjwa na hakugeuka kuwa kama wao. Ndo hivyo tu. Mzee na mtoto wanatembea Marekani nzima. HBO wakaja kuifanya sirizi, ikaanza Januari 2023, aliyeishika ni Craig Mazin, yule wa Chernobyl, pamoja na Neil Druckmann mwenyewe aliyeiandika gemu.

Mimi niliicheza 2014. Na sio kwenye banda la gemu, maana kwenye banda unalipia kwa muda, na foleni yote nyuma yako inataka mpira, wewe ukianza kucheza gemu yenye stori ndefu, mara watu wanaongea dakika tano hakuna anayepigwa, utaambiwa "oya skip hiyo, umelala?" Niliazima PS3 ya mshkaji mmoja aliyesafiri, padi yake ya kushoto imelegea, yaani Joel alikuwa anatembea mwenyewe kuelekea ukutani hata sijagusa kitu. Nilicheza usiku, sauti nimeishusha, na umeme ulikuwa ukikatika mi nakaa gizani nashikilia padi kama mjinga nasubiri urudi nianzie pale ilipojisevu mara ya mwisho. Nasema hivi ili uelewe kwanini mtu kama mimi nikisikia "wanaifanya sirizi" sikufurahi, niliona kama naibiwa.

Na kelele zilianza kabla hata ya episodi ya kwanza. Walipotangazwa Pedro Pascal kuwa Joel na Bella Ramsey kuwa Ellie, watu wakatoka na picha, huku Ellie wa gemu huku Bella, hafanani, hafanani, hafanani. Yaani hoja nzima ni sura! Nami nikiri, mwanzoni nilikuwa humo humo, sikutukana mtu lakini nilikuwa naguna. Afu Bella akafungua mdomo akatukana kama Ellie na mimi nikanyamaza. Ila matusi aliyoyapata yule mtoto hayana hata maelezo, mpaka mwenyewe akajiondoa kwenye mitandao.

Dogo yeye hakuwa na habari ya sura. Hajacheza, hana Ellie mwingine kichwani. Yeye kilichompata ni unga.

Iko hivi. Kwenye gemu ugonjwa unatokana na mazao yaliyochafuka, unakiona kwenye gazeti tu, ukipita haraka hukioni. Kwenye sirizi wakaifanya iwe ngano, episodi ya pili inaanzia Jakarta, anaitwa profesa wa mambo ya fangasi aangalie maiti, anauliza huyu alikuwa anafanya kazi wapi, anaambiwa kiwanda cha unga. Na kumbe kwenye episodi ya kwanza walishatuonyesha kimya kimya, Joel asubuhi anataka chapati za maji zile za kizungu unga umeisha, jirani anaoka biskuti binti wa Joel hali, keki ya bethdei ya Joel akasahau kuinunua. Watu mtandaoni waliunganisha hizo nukta wakapagawa. Sasa dogo anauza maandazi asubuhi. Alikuwa amekaa na chekeche kwenye beseni anachekecha ngano ya kesho huku anaangalia, yule profesa aliposikia kiwanda cha unga na mikono ikaanza kumtetemeka mpaka kikombe cha chai kinalia, dogo akaweka chekeche chini taratibu. Akauangalia mfuko wa ngano. Akaniangalia mimi. "Hii imeandikwa imetengenezwa wapi?"

Hiyo ndo riaksheni niliyoipenda kuliko zote za sizoni ya kwanza, na hakuna aliyeirekodi.

Tuje kwenye episodi ya tatu, maana siwezi kuiruka. Kwenye gemu kuna jamaa anaitwa Bill, anaishi peke yake kwenye mji mtupu aliouzungushia mitego, na ile sehemu ni ya kuchekesha na ya kutisha, Joel ananaswa mguu ananing'inia kichwa chini, upande wa pili friji ndo uzito unaomshikilia, na wewe unapiga risasi dunia ikiwa imepinduka huku wagonjwa wanakuja. Mwenzake Bill, Frank, unamkuta amejinyonga, ameacha barua ya kumwambia nilikuchukia. Basi. Kila aliyecheza alikuwa anasubiri ile friji.

Friji haikuja. Ikaja zaidi ya saa nzima ya wanaume wawili wanaozeeka pamoja, wanalima stroberi, wanapendana, wanakufa pamoja. Joel na Ellie wanaonekana mwanzo na mwisho tu. Ikarushwa Januari 29, 2023 na moto ukawaka, huku watu wanalia wanasema ndo episodi bora ya mwaka, huku wengine wanaipa nyota moja moja kwenye mitandao ya kupigia kura hadi maksi zake zikadondoka, na wengi waliotoa moja wala hawakuwa na habari ya friji, unajua na mimi najua walikasirikia nini. Kwenye grupu letu la WhatsApp kulikuwa hivyo hivyo, mmoja alisema amezima, mmoja akasema ameruka mbele, mmoja hakusema kitu siku tatu afu akaandika "ila ile barua ya mwisho bana". Nick Offerman aliyeigiza Bill alipata tuzo ya Emmy kwa saa moja ile tu.

Mi msimamo wangu ni huu, na najua kuna watakaoguna: ile episodi ni nzuri, na bado friji yangu naidai. Zote mbili. Mtu akikwambia "haikusogeza stori" muulize stori ya nani, maana barua ya Bill ndo inayompa Joel sababu ya kumbeba yule mtoto, anamwambia wanaume kama sisi tupo kwa ajili ya kulinda mtu mmoja. Ni mstari mmoja tu lakini mwisho wote umekaa juu yake.

Malalamiko mengine nitayapita. Vijidudu vya hewani, wale wa gemu wanavaa maski kwa sababu ya vumbi la fangasi, sirizi ikatoa vumbi ikaweka mizizi inayowasiliana chini ya ardhi, watu wakalia, sizoni ya pili vumbi likarudi kule hospitali ya Seattle, watu wakalia kwamba mbona limechelewa. Wagonjwa wachache, hilo lilikuwa kweli, unakaa episodi mbili hujaona hata mmoja, ila lile dude la episodi ya tano lilipotoka shimoni na kumng'oa yule jamaa kichwa hakuna aliyedai chenji.

Sasa mwisho wa sizoni ya kwanza. Hapa ndo pana kitu nataka kukisema na nimekaa nacho muda.

Joel anamfikisha Ellie hospitalini Salt Lake City. Anaambiwa dawa itapatikana ila lazima mtoto apasuliwe ubongo, na hatapona. Joel anakataa, anaua kila mtu, anaingia chumba cha upasuaji, anamuua daktari, anambeba Ellie, na baadaye anamdanganya. Kwenye sirizi wameifanya kimya, muziki wa huzuni, Pedro Pascal anapita kwenye korido uso umekufa. Watu walisifia sana, nami nasifia. Dogo alikuwa upande wa Joel asilimia mia, "ningekuwa mimi ningefanya hivyo hivyo, wamwache mtoto wa watu".

Lakini mimi 2014 sikuangalia Joel akiua daktari. Nilimuua mimi. Unaingia kile chumba, yule daktari ameshika kisu kidogo cha upasuaji, anatetemeka, anasema hutamchukua. Gemu haikulazimishi uwaguse manesi wawili waliopo, ila kwa daktari hakuna pa kupita. Nilizunguka. Nilijaribu kumpita pembeni. Nilisimama nikaweka padi kwenye goti, saa nane usiku, nikifikiri labda kuna kitufe nimekisahau. Hakuna. Mpaka ubonyeze. Nikabonyeza, akadondoka, na hata jina lake sikulijua, ni daktari tu wa gemu.

Afu 2020 inakuja gemu ya pili, anatokea mwanamke amejazia misuli anaitwa Abby, anamuua Joel kwa fimbo ya gofu mwanzoni kabisa, na hujui kwanini. HUJUI. Unamfuata na Ellie Seattle masaa kibao unaua rafiki zake mmoja mmoja kwa hasira, na ukifika katikati gemu inakunyang'anya Ellie, inakuweka ndani ya Abby, inasema haya mcheze huyu sasa. Na ndo unaonyeshwa, baba yake alikuwa yule daktari. Yule niliyembonyezea kitufe.

Nilikasirika mno. Masaa ya kwanza nilikuwa namuacha Abby auliwe makusudi, namsimamisha mbele ya wagonjwa naweka padi chini, wamle. Kitoto, najua. Na sikuwa peke yangu, ila wapo waliovuka kabisa, Laura Bailey aliyeigiza sauti ya Abby alitishiwa kuuawa, yeye na mtoto wake, kwa kosa la kusoma mistari aliyopewa kazini.

Sirizi ilipofika hapo wakaamua kinyume. Sizoni ya pili inafunguka tu Abby yuko makaburini na wenzake, anasema namtafuta Joel. Na siku ya kumuua anamhadithia kila kitu, baba yangu ulimuua hivi na hivi. Wasiocheza wakaona sawa. Tuliocheza tukapiga kelele, na ukisikiliza zile kelele nusu yake ni upuuzi mtupu, misuli ya Kaitlyn Dever aliyemwigiza Abby iko wapi, mbona mkono mwembamba, kana kwamba mtu anahitaji kifua ili aumie kwa baba yake. Yule dada alirekodi mambo ya ile siku wakati ametoka kumzika mama yake siku chache tu nyuma, amesema mwenyewe. Na kwenye shuti alikuwa anawekewa ulinzi, kwa sababu kuna watu wanamchukia mtu ambaye hayupo wanataka kumlipizia aliyepo. Wakosoaji wakaipa maksi za juu sizoni ya pili, kura za watazamaji zikaenda chini kabisa, na kwenye zile kura ukijaribu kutenganisha nani kaudhika na stori, nani kaudhika na misuli, nani kaudhika Ellie na msichana mwenzie Dina ni wapenzi, hutoboi.

Afadhali wenzetu wa Fallout. Nayo ni sirizi iliyotokana na gemu, ilitoka Prime Video Aprili 2024, nayo dunia imeteketea, nyuklia, ila waliandika stori mpya kabisa ndani ya dunia ya gemu kwa hiyo hakuna aliyekuwa na Ellie wake wa kulinganisha. Ugomvi wao mkubwa ulikuwa ubao wa darasani, uliandikwa mji wa Shady Sands ulianguka 2277, wakati gemu ya New Vegas inaanza 2281 na mji unatajwa kama upo, basi watu wakapigana kwa ajili ya chaki. Natamani matatizo yetu yangekuwa ya chaki.

Ila ile nusu ya pili ya kelele zetu ina maana. Tulichokuwa tunakidai hatukijui hata kukitaja ndo maana tunasema misuli. Kwenye gemu ulifichwa sababu ili uchukie kwanza. Umchukie mtu kwa mikono yako mwenyewe masaa kumi, afu uambiwe. Kwenye tivi hawawezi kukuficha hivyo, maana mtu amekaa kwenye kochi hana cha kufanya, ukimuacha miaka miwili hajui kwanini steringi kafa anahamia sirizi nyingine. Kwa hiyo wakatoa sababu mapema. Mimi niliona ni wizi. Nilimwambia dogo hivyo, kwamba wewe hujaipata hii stori, wewe umepewa majibu kabla ya mtihani.

Akanijibu basi nipe hiyo padi.

Nina PS4 ya mtumba, gemu ya kwanza ninayo. Ameanza mwezi wa kumi. Anacheza akishatoka kwenye maandazi, mchana, taratibu, hajawahi kushika padi maishani zaidi ya kugonga gonga mpira, kule mwanzo alikuwa anatembea anaangalia juu mbinguni hajui kuishusha kamera. Kwa Bill alifika, akaning'inia kichwa chini, akapiga yowe hadi jirani akauliza kuna nini, na nilimrekodi lakini amekataa niweke. Akasema "kumbe hii ndo friji yako!" Nilifurahi ajabu.

Juzi amefika hospitali. Mi nilikuwa natengeneza soketi ukutani sikuwa nafuatilia, nikasikia risasi za korido, afu kimya. Nikageuka. Yuko ndani ya kile chumba. Daktari ameshika kisu chake kidogo, yuko pale pale, miaka yote hii.

"Huyu ndo baba'ake Abby," akasema.

Nikasema ndiyo.

"Nipite wapi?"

Nikamwambia hakuna pa kupita. Akazunguka. Akajaribu pembeni, vilevile nilivyofanya mimi, ila mimi nilikuwa namzunguka daktari tu na yeye anamjua mtu, anajua ana binti, anamjua binti kwa sura na anajua binti atakuja kufanya nini na fimbo ya gofu na kwa nani. Sikuwa nimelifikiria hilo hata siku moja. Miezi yote nalalamika wamempunja, na kile chumba kwake kilikuwa kizito kuliko changu.

Akapause. Akaweka padi juu ya kochi, akasema anaenda kuloweka hamira. Hiyo ni Jumamosi, leo Jumanne, padi bado iko pale pale kwenye kochi na mimi nimeambiwa nisiiguse.